Kibodi ya Wizara ya Utulivu

Ukifika nchini kwetu usiulize kama tumetulia. Tumetulia kisheria. Tuna Wizara ya Utulivu yenye jengo refu na bendera yake, na mimi Hamduni ndiye niliyekuwa nikikaa mlangoni, nikiwaandika wageni na kuwaomba wasitembetembee.

Mwaka ninaousimulia, Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Tindwa, alikwenda kuhutubia mji wa Magomba. Wananchi walipangwa kwenye viti tangu asubuhi, mikono magotini, kama sheria inavyotaka.

"Ndugu zangu," Waziri alisema, "taifa lisilotulia ni kama maji yanayochemka. Yanapiga kelele nyingi, kumbe yanapungua."

Ilikuwa hotuba nzuri. Hata Kondo Mbegu, fundi cherehani aliyekaa safu ya pili, aliipenda, na wanaomfahamu wanasema hakuwa mtu wa unafiki. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umekanyaga cherehani tangu ujana, na ulikuwa na desturi zake. Kondo alipokuwa akisikiliza kwa makini, mguu ulianza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama anayeshona upindo wa pazia refu.

Waziri akakatiza hotuba.

"Yule bwana ana haraka ya kwenda wapi?"

Kondo akasimama kwa adabu. "Siendi popote, mheshimiwa. Ni mguu tu."

Jibu hilo liliandikwa kama lilivyo. Wanasheria walilisoma wakaona mtuhumiwa amekiri kwamba mguu wake una mipango ambayo yeye mwenyewe hana habari nayo. Akapelekwa Kituo cha Mapumziko ya Lazima kwa kosa la kutotulia hadharani. Huko walimpokea vizuri. Walimpa kiti cha kuegemea, wakamfunga hogo la plasta kuanzia pajani hadi vidoleni ili mguu upate nafasi ya kutafakari, wakamwambia atatoka siku itakapofika barua ya Waziri inayothibitisha kwamba ametulia.

Asubuhi iliyofuata mkewe, Mwajabu, alikuwa mlangoni pangu.

"Kaka, nimekuja kufuata barua."

Nikamwonyesha benchi.

*

Barua ile haikuwa kazi kubwa. Bi Sikudhani, katibu muhtasari wa Waziri, alikuwa na rasimu yake mkononi siku hiyo hiyo. Kilichobaki kilikuwa kuichapa na kuitia saini. Kwa bahati ambayo gazeti la serikali liliiita njema, ndiyo siku kibodi ilipofika.

Waziri alikuwa ameiona kwenye maonyesho huko nje, alikokwenda kuhudhuria kongamano la ukimya. Ilikuwa kibodi ya gemu, ile wanayoitumia vijana wanaoshindana kwenye kompyuta. Kila kitufe kina springi yake, na chini ya kila kitufe kuna taa inayobadilika rangi bila kuombwa. Ililetwa kutoka uwanja wa ndege kwa gari lake peke yake. Bei yake sitaitaja. Ilipotajwa bungeni, mbunge mmoja wa viti vya nyuma aliomba irudiwe, akidhani amesikia bei ya kivuko.

Kwa sababu fahali wawili hawakai zizi moja, kibodi zote za zamani wizarani zilikusanywa zikauzwa mnadani. Kisha Bi Sikudhani akaitwa aijaribu hii mpya.

Aligusa kitufe kimoja. Kach. Akagusa cha pili, halafu akaandika mstari mzima, na sauti ikakimbia korido yote. Watu wa ghorofa ya chini walitoka nje kutazama kama mvua ya mawe imeanza. Bi Sikudhani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mtulivu wa kweli si wa sheria, lakini niliona anatabasamu.

"Inaitika," alisema. "Ngoja nianze na hii ya fundi wa Magomba."

Waziri akaweka mkono juu ya vitufe.

"Bi Sikudhani, utavichubua."

"Nitaandikia nini basi, mheshimiwa?"

"Subiri."

Bi Sikudhani akatoka na rasimu yake. Mwajabu alipomwona akainuka kwenye benchi, na alipoona karatasi bado ina maandishi ya mkono akakaa tena.

*

Swali lilitoka kwa yule mbunge wa viti vya nyuma. Aliuliza kama kibodi ile inastahili bei yake. Mtu mwingine angejibu ndiyo au hapana akaenda kula chakula cha mchana. Waziri wetu alisema serikali haijibu swali kabla ya kuliundia tume.

Tume ya Thamani iliongozwa na Profesa Mkwizu, mtu mwenye sauti nzito na miwani anayoivaa kwenye paji la uso. Jambo la kwanza, tume ilisafiri hadi kiwandani kujiridhisha kwamba kiwanda kipo. Iliporudi, ikiwa imenenepa kidogo, ilimwita Bi Sikudhani atoe ushahidi. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia nitoke, nilibaki.

"Bi Sikudhani," Profesa alisema, "kibodi hii unaionaje?"

"Nzuri, Profesa. Ukikigusa kitufe tu kinaitika, na vidole havichoki. Mtu anayeshindana kwenye gemu akiinunua, mimi sitasema ametupa pesa. Taa ni za kupendeza macho tu. Kelele ndizo zinazosumbua, hasa anayefanya kazi chumba cha pili. Mimi kazi yangu ni barua, na aliyepokea barua haulizi ilichapwa na kibodi gani. Anachouliza ni mbona imechelewa."

"Kwa hiyo inastahili bei yake, au haistahili?"

"Inategemea anayeinunua anataka kuifanyia nini."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alianza kuzungusha kalamu yake, mwingine akavua kiatu akakivaa tena. Tume iliamua jibu hilo lifutwe kwenye kumbukumbu kwa sababu lilikuwa limewafanya wajumbe wasitulie. Lakini Profesa Mkwizu alikuwa amesikia neno moja, akalishika.

"Shahidi amesema inamfaa mcheza gemu," alisema. "Basi tatizo haliko kwenye kibodi, waheshimiwa. Tatizo ni kwamba Wizara haichezi."

Ikapangwa siku ya mashindano Uwanja wa Taifa, kati ya Waziri wetu na waziri wa nchi ya ng'ambo ya mto. Tukishinda, kibodi itakuwa imestahili.

*

Waziri akaanza mazoezi. Gemu lenyewe lilikuwa la askari anayekimbia kwenye magofu akiviziwa na maadui. Kuna vitufe vinne vya kumwongozea, na Waziri alivijua upesi kuliko tulivyotegemea.

"Hamduni," aliniambia nilipompelekea chai, "sasa ndipo nimeelewa uongozi. Mbele, nyuma, kushoto, kulia. Vitufe vingine vyote ni mapambo."

Alicheza tangu ofisi inafunguliwa. Chai ilipoa, mafaili yakakaa nje ya mlango yakapanda hadi kwenye kitasa. Kelele za vitufe zikaingia vyumba vyote, na polepole jengo zima likapata ugonjwa wake. Makarani walianza kupiga meza kwa vidole. Mhasibu alikuwa akipanda na kushuka ngazi bila kuwa na anakokwenda. Mimi mwenyewe nilijikuta nikifungua na kufunga kitabu cha wageni hali hakuna mgeni. Na Waziri, ukimtazama kwa chini ya meza, miguu yake yote miwili ilikuwa ikitikisika usiambiwe. Nilimuuliza ofisa wa sheria kama hilo halina tatizo. Akanieleza kwamba mguu wa mwananchi hutikisika, ila mguu wa Waziri hutafakari kwa kasi.

Mwajabu aliendelea kuja. Alikuwa amezoea benchi hata akawa na pembe yake, na Bi Sikudhani akipata nafasi alitoka kukaa naye.

"Jana nimemwona," Mwajabu alisema siku moja. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. "Paja limekonda, dada. Ukitazama pale hogo linapoanzia, mkono wangu unapita katikati. Daktari wao anasema mguu ukikaa humo zaidi ya hapa hautarudi."

"Na yeye anasemaje?"

"Ananiuliza habari za nguo za watu. Nguo zimejaa dukani hazijashonwa. Binti wa jirani ameolewa na gauni la kuazima. Nikimwambia hivyo analia, na akilia wanaandika kwamba bado hajatulia."

Bi Sikudhani akamsogelea. "Niliwapelekea barua ya mkono."

"Wakasemaje?"

"Mkuu wa Kituo hapokei barua ya mkono. Anasema mkono hutetemeka."

Mwajabu akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Bi Sikudhani akainuka, akapapasa nywele zake, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya Waziri. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu mafaili yalikuwa yameuzuia.

"Mheshimiwa, naiomba kibodi kidogo tu. Barua yenyewe ya mistari michache."

"Bi Sikudhani, nikiiachia sasa hivi nakufa."

"Kuna mtu mguu wake unakufa kweli, mheshimiwa."

"Mwambie asubiri nimalize hatua hii."

Bi Sikudhani akasimama kusubiri. Hatua ile ikaisha, ikaja nyingine ngumu zaidi, na Waziri hakugeuka. Alisimama hadi wenzake walipoanza kufunga madirisha. Nilimwona akitoka, uso wake ukiwa umebadilika. Hakuwa na hasira hasa. Alikuwa kama mtu aliyekuwa akingoja basi, na sasa ameamua kwenda kwa miguu.

*

Siku ya mashindano ilitangazwa kuwa mapumziko. Ili uwanja ujae, wananchi wote waliokuwa wakisubiri huduma kwenye mabenchi ya wizara zote walipakiwa kwenye malori wakapelekwa huko. Hivyo ndivyo Mwajabu alivyopata kiti cha mbele, karibu na uzio, na Mkuu wa Nchi akiwa jukwaani juu yake.

Kibodi yetu iliingia juu ya mto wa velveti. Waziri wa ng'ambo ya mto, mama mmoja mwembamba mwenye viatu vya raba, aliitoa ya kwake kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa ile ya kawaida inayouzwa sokoni, mezani pamoja na chaja na betri za tochi.

Nitakuwa mwaminifu. Askari wa Waziri wetu alikwenda mbele vizuri sana. Alikwenda pia kushoto. Kisha askari wa yule mama akatokea nyuma ya ukuta na mambo yakaisha. Wakarudia, yakaisha mapema zaidi. Mama akaomba radhi, akakunja mfuko wake, akauliza kama kuna chai.

Uwanja ulinyamaza kama sheria inavyotaka. Mkuu wa Nchi alimtazama Waziri, na Waziri akaitazama kibodi, ambayo taa zake ziliendelea kubadilika rangi kwa furaha. Hapo ndipo Profesa Mkwizu aliposhika kipaza sauti.

"Waheshimiwa, hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza, ambayo haina maksi," alisema. "Sehemu ya pili ndiyo yenyewe. Kibodi hii sasa itaandika waraka wa serikali mbele ya taifa, na Waziri atautia saini hapa hapa. Tuone kama kuna nchi inayoweza kutupita kwa kasi ya utendaji."

Bi Sikudhani akaitwa. Alishuka kutoka viti vya wafanyakazi akiwa na mkoba wake kwapani.

"Niandike nini, Profesa?"

"Chochote cha kiserikali. Tunachotaka ni kasi."

Alikaa. Akaifuta mikono yake kwenye sketi, mara ya kwanza, mara ya pili. Kutoka nilipokuwa nilimwona akitoa mkobani ile rasimu ya zamani, nikajua anachotaka kufanya. Kisha akaanza. Sauti za vitufe ziliingia kwenye vipaza sauti zikajaza uwanja wote, na kwenye skrini kubwa maneno yakaanza kutokea, marefu kama nyumba: kwa Mkuu wa Kituo cha Mapumziko ya Lazima, Wizara inathibitisha kwamba Ndugu Kondo Mbegu wa Magomba ametulia, hivyo aachiwe mara moja na arudi kwake.

Uwanja mzima ulisoma. Walioketi na Mwajabu walimshika mabega ili asiinuke. Waziri peke yake hakusoma, kwa kuwa skrini ilikuwa nyuma yake na kamera zilikuwa mbele. Mashine ikachapa. Akaletewa kalamu ndefu ya sherehe, akatia saini kwa madoido huku akizitabasamia kamera, akagonga muhuri. Mkuu wa Nchi, ambaye anapenda vitu vinavyokwisha haraka, akapiga makofi. Tukapiga makofi sote.

Bi Sikudhani hakumpa Profesa ile barua. Aliikunja, akateremka ngazi za jukwaa kama anayekwenda msalani, akaipitisha juu ya uzio.

"Nenda," alimwambia Mwajabu. "Lakini usikimbie. Ukikimbia watakukamata."

Mwajabu akaondoka akitembea. Uwanja wetu ni mkubwa na lango liko upande wa pili, na kila hatua chache kuna askari wa utulivu mwenye filimbi. Alitembea mikono imebana kifuani, mabega juu, kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Mara mwendo ukamponyoka, akajishika, akaurudisha. Sijawahi kumwona mtu akitembea polepole kwa haraka namna ile. Askari wa mwisho alimtazama miguu muda mrefu, kisha akamfungulia lango.

*

Waziri aliipata habari jioni ile kutoka kwa dereva wake, ambaye alidhani anampongeza.

"Bi Sikudhani, umenidhalilisha," alisema. Tulikuwa sote koridoni, tukijifanya tunatafuta kitu.

"Mheshimiwa, umepigiwa makofi na taifa zima."

"Kaa hapo uandike barua ya kuitengua ile ya kwanza. Mguu ule urudishwe."

"Sitaandika."

Hakupandisha sauti, ikabidi aliyekuwa mbali aulize amesema nini.

"Basi huna kazi."

"Najua, mheshimiwa."

Akachukua mkoba wake, akavaa ndala za njiani, akatuaga mmoja mmoja kwa jina. Aliponifikia nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilimwambia mvua haitanyesha. Akasema vizuri, kwa maana hakuja na mwavuli.

Waziri aliketi kuandika mwenyewe. Alikuwa amekaa na kibodi ile muda wote huo kiasi kwamba taa zake zilimmulika hata akifumba macho, lakini alikuwa anavijua vitufe vinne tu. Tulisikia kach. Kimya kirefu. Kach. Alikuwa amefika kwenye neno *barua*, na tayari ameshakwama.

"Hamduni," aliniita, "herufi ya B iko wapi?"

Iko mstari wa chini, karibu na katikati. Niliiona kutoka mlangoni, ikiwa na taa ya zambarau.

"Sijui, mheshimiwa," nilisema. "Mimi ni mtu wa mlangoni."

Akaendelea kuitafuta. Wakati huo Kondo alikuwa ameshalazwa nyuma ya gari la mchanga, hogo likiwa limenyooka mbele yake, akielekea Magomba.

Tume ya Thamani ilitoa ripoti yake muda si mrefu. Ilisema kibodi inastahili bei, kwa ushahidi kwamba iliandika barua ya haraka kuliko zote katika historia ya Wizara, na ikapendekeza zinunuliwe nyingine za kutosha ghorofa zote. Yule mbunge wa viti vya nyuma aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa zabuni, akasema sasa amesikia vizuri. Mheshimiwa Tindwa alihamishiwa Wizara ya Mwendo, ambako wananchi hukamatwa wakikaa.

*

Nilikwenda Magomba nilipopata ruhusa. Nilijipa sababu ya suruali inayohitaji kupindwa.

Duka la Kondo ni chumba kimoja chenye mlango mpana. Nilimkuta Bi Sikudhani amekaa kwenye kiti cha wateja na kitambaa cha maua mapajani, akisubiri zamu yake kama mtu mwingine. Alinisalimu, akaniuliza kama wizarani bado wanapiga meza. Nikamwambia sasa wanapiga na kuta.

Kondo alikuwa mbele ya cherehani. Mguu wa kulia alikuwa ameuweka juu ya kigoda, mwembamba, ngozi yake imepauka kwa plasta. Alinieleza mwenyewe bila kuulizwa kwamba anausikia ukiwasha, ila hausogei. Alikuwa ameujaribu wa kushoto, lakini ulikuwa hauna mazoea, ukarudisha gurudumu nyuma na kukata uzi. Kwa hiyo Mwajabu alikuwa amekaa kwenye kistuli kifupi ubavuni mwa cherehani, mguu wake umepita chini ya meza hadi kwenye pedali.

Alikanyaga. Nguo ikachomoka mikononi mwa Kondo.

"Polepole, mama. Hapa kuna kona."

"Nitaijuaje kona nami siioni?"

"Nitakwambia."

"Uniambie mapema, basi, siyo tukishapita."

Cherehani ikaanza tena, ikasimama, ikaanza. Kondo alikuwa akisema *haya, haya, tulia hapo, haya*, na Mwajabu akimfuata, akiuma mdomo. Bi Sikudhani alinyanyuka akausogeza mlango mpaka mwisho, mwanga uangukie kwenye kitambaa.